Kasha la mwaloni lenye nakshi za Kigothi: dalili, vyanzo na la kufanya

Makasha ninayoyazungumzia hapa ni yale ya Kigothi, mtindo wa sanaa wa zama za kati, yaliyochongwa Ulaya kati ya karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 16, pamoja na yale ya karne ya 19 yaliyoundwa kwa kufuata mtindo huohuo. Mengi ni ya mwaloni (oak). Ubao wa mbele una matao yenye ncha, maua ya duara na vijiti vyembamba vinavyogawanyika juu, nakshi zilezile unazoziona kwenye madirisha ya mawe ya makanisa ya zama hizo. Kuanzia karne ya 15, hasa Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo), Uingereza na kaskazini mwa Ufaransa, zilienea paneli zilizochongwa mfano wa kitambaa chenye mikunjo ya wima. Ukishuka Italia na kusini mwa Ufaransa utakuta mti wa jozi (walnut), na kwenye milima ya Alps msonobari wenye nakshi bapa.

Watu wetu wanaoishi Ulaya huyapata mnadani, kwa wakwe, au ndani ya nyumba iliyouzwa pamoja na vyombo vyake. Kasha likishafika sebuleni ndipo mambo yanapoanza: unga sakafuni, ufa mbele, mfuniko hauketi. Anaitwa fundi, anakuja na msasa, gundi nyeupe na kopo la vanishi, na kasha lililohimili miaka 500 linaharibiwa kwa mchana mmoja. Nimeona makasha mengi yaliyoumizwa na matengenezo kuliko yaliyoumizwa na wadudu.

Kwa hiyo kila dalili iliyo hapa chini ianze na swali moja: jambo hili bado linaendelea, au lilikoma zamani? Ufa uliotulia tangu enzi za mababu ni kovu. Ufa uliofunguka Desemba hii ni kidonda. Anayetibu kovu kwa dawa ya kidonda ndiye anayefungua kidonda kipya.

Pa kuanzia ni ukaguzi. Chukua tochi uiweke ubavuni mwa ubao, mwanga upite juu ya uso badala ya kuupiga moja kwa moja. Hapo nyufa, matundu na alama za vifaa vitajitokeza vyenyewe. Piga picha pande zote, ndani, nyuma na chini. Wakati wa kulinyanyua muwe wawili, mshike chini ya fremu au chini ya sakafu ya kasha, na mfuniko msiuguse kabisa.

Unga umedondoka na kuna matundu

Hii ndiyo dalili inayowatia watu hofu zaidi, na mara nyingi hofu hiyo inatangulia ushahidi. Mbao za kale karibu zote zimebunguliwa mahali fulani. Matundu unayoyaona ni milango ya kutokea, si ya kuingilia: mdudu alikula ndani kwa miaka akiwa kiluwiluwi, kisha akatoboa akaenda zake.

Ukubwa wa tundu unakutajia mdudu. Tundu la duara la milimita 1.5 hadi 2, lenye unga unaokwaruza kidogo ukiusugua kati ya vidole, ni la Anobium punctatum, mdudu wa kawaida wa fanicha Ulaya. Huyu hukaa ndani ya mbao kati ya miaka 2 na 5, na katika mwaloni hupenda sehemu nyeupe ya nje ya mti; kiini cha mwaloni mkavu hakimvutii. Ndiyo maana utaona ukingo mmoja wa ubao umeliwa ukawa kama sifongo, na sentimita chache kutoka hapo ubao ni mzima kabisa. Tundu la milimita 3 hivi, lenye chembe za duara zilizobonyea, ni la Xestobium rufovillosum. Huyu anahitaji mbao iliyowahi kulowana na kuanza kuoza, na anaweza kukaa ndani hata miaka 10. Majira ya kuchipua hugonga mbao kwa kichwa akiita mwenzake, na zamani waliokesha na wagonjwa usiku walikuwa wakiusikia mlio huo na kuuona ni dalili ya kifo. Ukimkuta huyu, usiishie kwenye kasha. Tafuta maji yanatoka wapi. Kwenye makasha ya msonobari kuna pia mdudu mkubwa wa matundu yenye umbo la yai, karibu milimita 6 hadi 10 kwa urefu wake.

Sasa, yuko hai? Unga peke yake si ushahidi. Kasha likisukumwa au likibebwa kwenye gari, unga wa zamani humwagika kutoka mashimo yaliyokufa miaka mingi iliyopita. Fanya hivi: fyonza unga wote kwa mashine, ukiwa umefunga kitambaa chepesi mdomoni mwa bomba ili kipande cha nakshi kikibanduka kisipotee. Weka karatasi nyeusi chini ya kasha na ndani yake, andika tarehe kwenye karatasi, kisha usiliguse. Kaskazini mwa Ulaya wadudu hawa hutoka kati ya Aprili na Agosti, kwa hiyo ukaguzi wa Januari haukuambii kitu. Subiri majira ya joto yapite. Vilima vidogo vya unga mweupe mbichi chini ya tundu lenye kingo kali na rangi ya mbao mpya ndani yake, hapo yuko. Tundu lenye kingo zilizolainika na giza la vumbi au nta ndani, hapo hayupo tena.

Akiwa hai, usikimbilie kumwaga dawa. Dawa ya maji au mafuta inayopakwa juu hupenya milimita chache tu ndani ya mwaloni, na juu ya uso wa kale huacha madoa. Njia ninayoiamini ni baridi: kasha linafungwa ndani ya plastiki nzito, hewa inapunguzwa, kisha linawekwa kwenye chumba cha nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku 3, au nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Likitolewa linabaki ndani ya plastiki mpaka lipate joto la chumba, la sivyo ukungu wa maji utatua juu ya mbao. Njia nyingine ni kumnyima mdudu oksijeni kwa kutumia naitrojeni kwa wiki kadhaa. Wataalamu wa uhifadhi katika miji mikubwa ya Ulaya hufanya kazi hizi kwa malipo, na wengi hupokea vitu vya watu binafsi. Kasha lenye mabaki ya rangi ya kale lipelekwe kwao kwanza kabla ya jambo lolote.

Ubao wa mbele umepasuka

Ili kuuelewa ufa huu lazima ujue kasha limeundwaje. Katika makasha ya karne ya 13 na 14, upande wa mbele ni ubao mmoja au miwili mipana iliyolala, na ncha zake zimechongwa ndimi zinazoingia kwenye nguzo pana zilizosimama kulia na kushoto. Nguzo hizohizo zikishuka chini ndizo miguu. Ulimi umekamatwa na vigingi vya mti. Hakuna gundi. Ni ufundi imara sana, lakini una kasoro moja: mbao hupungua na kuvimba upande wa upana, na kwa urefu karibu haitikisiki. Ubao uliolala unataka kupungua kutoka juu kwenda chini. Nguzo iliyosimama haipungui. Vigingi vimeushika ubao juu na chini, hauna pa kwenda, unapasuka. Ufa wa kulala unaopita katikati ya matao ya nakshi umetokana na hilo.

Mara nyingi ufa huo ulitokea karne ya kwanza ya maisha ya kasha. Kinachoufungua tena leo ni mashine ya kupasha joto. Chumba cha Ulaya chenye joto la ndani wakati wa baridi kinaweza kushuka chini ya asilimia 30 ya unyevu wa hewa, na kasha lililokaa miaka 300 kwenye kanisa baridi au ghala la shamba halijawahi kukutana na ukavu wa namna hiyo. Nunua kipimo cha unyevu, cha bei ndogo kinatosha, kiweke kando ya kasha. Lenga asilimia 45 hadi 60. Muhimu kuliko namba ni kasi: mbao inavumilia badiliko la polepole la miezi, haivumilii la siku mbili. Liondoe karibu na radieta, usiliweke juu ya sakafu inayopashwa joto kutoka chini yake, wala mbele ya dirisha la jua.

Pima ufa kwa vipande vya karatasi ngumu: ingiza kimoja kimoja mpaka vikaze, andika idadi, rudia mwezi wa Februari na mwezi wa Agosti. Ukipanuka na kufunga kwa kiasi kilekile mwaka hadi mwaka, basi ufa huo umekuwa kiungo, na ndio unaoliruhusu kasha lipumue. Uache.

Kosa linalofanyika hapa ni kuujaza. Mtu anaweka plasta ya mbao au epoksi wakati wa baridi, ufa ukiwa wazi. Majira ya joto mbao inavimba, inakutana na kitu kigumu, nyuzi zinasagika. Baridi ikirudi mbao inapungua zaidi ya mwanzo, na safari hii inapasuka pembeni ya kile kijazio, yaani ndani ya nakshi. Ikiwa ufa unatishia kuangusha kipande cha nakshi, mtaalamu ataweka kipande chembamba cha mwaloni wa zamani ndani ya ufa na kukitia gundi upande mmoja tu, au atabandika kitani kwa gundi ya ngozi upande wa ndani. Gundi ya ngozi inalainika tena kwa joto na unyevu; atakayekuja miaka 100 baadaye ataweza kuifungua.

Kwenye makasha ya fremu na paneli, yaliyoenea karne ya 15, habari ni tofauti. Paneli imekaa huru ndani ya mfereji wa fremu ili icheze. Ukiona paneli imepasuka wima katikati, angalia mferejini: kuna mtu alitia gundi au alipigilia msumari mwembamba kuizuia isitikisike. Ondoa kizuizi kwanza, ufa baadaye. Ukiona ukingo wa paneli una mstari mwembamba wa mbao isiyo na rangi wala nta, furahi. Maana yake paneli imepungua na imecheza kama ilivyokusudiwa.

Mfuniko hauketi sawasawa

Kabla ya kuulaumu mfuniko, kagua sakafu. Kasha zito lililosimama kwenye sakafu isiyo sawa hujinyonga mwili mzima, na mfuniko ambao ni mzima unaonekana umepinda. Weka kipande chembamba cha ubao chini ya mguu unaoning'inia, subiri siku chache, uangalie tena. Malalamiko mengi ya mfuniko huishia hapa.

Usipoketi bado, tazama bawaba. Makasha ya kale kabisa hayana bawaba za chuma: mfuniko una vipande vya mti kwenye ncha zake, na pini inayopita kwenye vipande hivyo na kwenye nguzo za nyuma ndiyo inayozunguka. Pini ikiliwa, mfuniko unashuka upande mmoja. Dawa yake ni pini mpya tu, na kazi ya kuichonga ni ya saa moja. Ajabu ni kwamba wengi hufunga bawaba za dukani badala yake, wakatoboa matundu 12 kwenye ubao wa karne ya 14. Mengine yana pete mbili za chuma zilizopishana, ncha zake zimepita kwenye ubao na kukunjwa ndani. Zikikatika, mhunzi atakuundia nyingine mfano wake, zipite kwenye matundu yaleyale.

Mfuniko uliopinda kweli, ukajikunja kama gamba, kwa kawaida uligongomewa mbao za kuubana kwenye ncha ukashindwa kupungua, au uso wa juu ulipakwa vanishi na wa chini ukaachwa mtupu. Usiukandamize kwa mawe. Unyevu ukitulia mwaka mzima, sehemu ya mpindo hurudi yenyewe. Iliyobaki ni umri wake. Na funga utepe imara ndani ili mfuniko ukifunguliwa usipite wima, kwa sababu uzito wake ukilala nyuma ndio unaong'oa bawaba.

Weusi unaozunguka misumari

Mwaloni una tanini nyingi, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti. Tanini ikikutana na chuma na unyevu hutoa rangi nyeusi ya samawati, ileile iliyotumika kutengenezea wino Ulaya kwa karne nyingi. Kwa hiyo weusi unaozunguka msumari wa kufuliwa kwa mkono ni jambo la kutarajiwa, na kwenye kasha la kale ni sehemu ya ushahidi wa umri. Usiupaushe kwa asidi.

Kitu cha kuogopa ni rangi ya chungwa. Unga wa kutu wa chungwa unaojirudia baada ya kupanguswa unasema chuma kinaendelea kuliwa, na kutu ikifura hupasua mbao inayokizunguka. Punguza unyevu, sugua chuma kwa brashi laini pekee, kisha kipake nta.

Kuna weusi wa namna nyingine: vitone vingi vidogo, kama vya kalamu, vilivyotawanyika ndani ya mashimo ya nakshi. Hivyo vimeletwa na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Mtu alisugua nakshi, vipande vya nyuzi vikabaki kwenye vinyweleo vya mbao, kisha akapita na kitambaa kibichi. Kila kipande kimegeuka doa. Ukitazama kwa lenzi, katikati ya baadhi ya vitone utaona uzi wenyewe bado umechomoza. Toa kimoja kimoja kwa kibano, ukiwa mkavu, na doa uliache.

Weupe umeota juu ya mbao

Vyanzo ni vitatu na vinafanana kwa macho, ila tiba zake hazifanani hata kidogo.

Ukungu una manyoya na harufu, na huanzia nyuma ya kasha lililosogezwa ukutani au ndani pasipo hewa. Huota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70. Vaa barakoa, ufyonze, lipe kasha nafasi ya kiganja kutoka ukutani, ufungue mfuniko mara kwa mara.

Nta iliyochanua ni utando wa kijivu usio na harufu. Pitisha kikausha nywele kwa mbali, joto la chini. Ukiyeyuka na kutoweka, ni nta. Kitambaa cha pamba kinatosha.

Cha tatu ni chumvi, na hiki ndicho kinachonisikitisha. Karne ya 20 wauzaji wengi walitumbukiza fanicha za kale kwenye matangi ya kostiki soda ili kuvua rangi. Kostiki iliyobaki ndani ya mbao huendelea kutoka kama chembe nyeupe kila hewa inapobadilika. Dalili zake huja pamoja: mbao ya kijivu yenye manyoya mafupi ukiigusa, viungo vilivyolegea, kona za nakshi bila kivuli chochote cha rangi wala nta. Uthibitisho ni rahisi: lowesha karatasi ya kupimia pH (kiwango cha asidi) kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, ibandike mahali pa siri. Mwaloni ni wa asidi, karibu 4. Ukisoma 8 au 9, ni kostiki. Kuiondoa ni kupangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, mara nyingi, kwa majuma, na mbao ikauke kila mara katikati. Kwenye kasha lenye nakshi za kina, kazi hii mpe mhifadhi.

Uso unanata, au umekuwa mweusi tii

Mafuta. Mafuta ya kitani huganda yakawa giza na kushika vumbi. Mafuta ya kupikia, ya nazi au ya zeituni, hayakauki kabisa na mwishowe hunuka. Mbao ya miaka 500 haina kiu ya mafuta, wanaosema inahitaji kulishwa wanakosea. Nta ya nyuki kidogo, mara moja kwa mwaka au isiwepo, na brashi laini kwa vumbi la nakshini. Vinyunyizo vya dukani vyenye silikoni viache.

Ila kabla ya kusafisha chochote, tazama ndani kabisa ya mashimo ya nakshi na chini ya ukingo wa mfuniko. Makasha mengi ya Kigothi yalipakwa rangi. Ukiona chembe nyekundu, kijani au buluu zimejificha kwenye kona, acha kusafisha. Rangi hiyo ikitoka hairudi.

Vitu vilivyomo vinaharibika

Watu hukagua kasha na kusahau kilichomo. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki kwa muda mrefu mno. Ndani ya kasha lililofungwa, madini ya risasi huota unga mweupe. Mihuri ya risasi ya nyaraka za kale imekwisha namna hiyo. Makombe, simbi na kauri za baharini ulizokuja nazo kutoka Bagamoyo au Lamu nazo hushikwa na ugonjwa huohuo, zinapoteza mng'ao na kuvaa unga, kwa sababu ni chokaa na asidi inaila. Picha na vyeti huwa vya manjano. Weka nguo zilizofungwa kwenye pamba safi ikiwa ni lazima kulitumia, na yaliyobaki yatafutie kabati jingine. Vidonge vya kufukuzia nondo usiweke. Harufu yake haitoki kwenye mbao.

Miguu mifupi, imeoza, au si ya rangi moja na mwili

Makasha ya kanisani yalisimama juu ya mawe yenye unyevu kwa karne nyingi, na ncha ya nguzo hunyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwa hiyo miguu iliyokatwa au kuungwa ni kawaida. Chokonoa taratibu kwa sindano: ikizama bila kuzuiwa, uozo upo. Litenge na sakafu kwa vipande vya plastiki ngumu. Kuoza kulikokauka hakuhitaji kuchongolewa.

Kitasa kimekwama

Ubao ulio nyuma ya kitasa umechimbwa ili kukipa nafasi, kwa hiyo ndio mwembamba kuliko wote. Ukilazimisha ufunguo, kitakachovunjika ni ubao. Unga wa grafiti (kama ule wa penseli) kidogo kwenye tundu la ufunguo, siku kadhaa, na subira. Mafuta ya taa yatavuja na kuacha doa. Tundu tatu za funguo, mbili zikiwa zimezibwa, zisikushangaze. Mwaka 1199 Papa Innocent III aliagiza kila kanisa liwe na sanduku la michango ya vita vya msalaba, lenye funguo tatu: mmoja wa askofu, mmoja wa padri wa hapo, mmoja wa mlei mcha Mungu. Desturi ya vitasa vitatu iliendelea kwa muda mrefu baada ya hapo.

Umeambiwa ni la karne ya 15 na moyo haujatulia

Shaka hii ina uzito, kwa sababu inaamua ulitibu vipi. Baada ya jengo la Bunge la Westminster, London, kuungua mwaka 1834, mbunifu A. W. N. Pugin alichora mapambo ya ndani ya jengo jipya kwa mtindo wa Kigothi; Ufaransa msanifu majengo E. Viollet-le-Duc alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo. Soko likafuata, na Mechelen huko Ubelgiji warsha zilichonga fanicha za Kigothi kwa wingi. Makasha hayo yana heshima yake na hayastahili kuitwa bandia. Bandia ni lile lililoundwa kwa mbao za kale ili lidanganye.

Ishara niipendayo ni hii. Mdudu anayebungua hachimbi mfereji juu ya uso; anaishi ndani na kutoka kwa tundu. Ukiona mifereji iliyokatwa wazi, kama nusu ya bomba, ikipita juu ya uso wa nakshi, maana yake ubao uliliwa kwanza na kuchongwa baadaye. Mchonga nakshi wa mwaka 1450 alichonga mwaloni mbichi au mpya, hakuchukua ubao mbovu.

Kisha geuza kasha. Mikwaruzo ya nusu duara inayolingana ni ya msumeno wa duara, yaani karne ya 19 na kuendelea. Mwaloni wa kale ulipasuliwa kwa kabari na kulainishwa kwa shoka, na kwa kuwa ulipasuliwa kufuata mishale ya mti, yaani mistari inayotoka kiini kwenda kwenye gamba, uso wake una mikanda inayong'aa. Skrubu zenye ncha kali zilianza kutengenezwa kwa mashine miaka ya 1840. Kigingi cha kale huwa na pembepembe na kimechomoza kidogo, kwa sababu ubao uliokizunguka umepungua. Kigingi cha duara kamili kilicholingana na uso ni cha mashine. Chini na nyuma pawe pakavu, pasipo rangi ya kupaka. Anayepaka rangi ya giza mahali pasipoonekana ana jambo analificha.

Mwenye fedha anaweza kuomba pete za mwaka, zile za ukuaji wa mti, zipimwe. Vipimo vya namna hii vimeonyesha kwamba mbao za makasha mengi ya Uingereza zilitoka misitu ya Baltiki, zikasafirishwa kwa meli. Kumbuka tu kipimo kinasema mti ulikua lini. Hakisemi nakshi ilichongwa lini.

Kasha linahamia Mombasa au Dar es Salaam

Mtu anarudi nyumbani na kontena lake, na kasha ndani. Chumba cha Ulaya chenye unyevu wa asilimia 50 kinaacha mbao na maji karibu asilimia 9 ya uzito wake. Pwani yetu, mbao hutulia karibu 15. Ubao wa mwaloni wenye upana wa sentimita 40, hata ule uliopasuliwa kwa kufuata mishale, utavimba milimita 3 hadi 4, na ubao wa kawaida karibu mara mbili ya hapo. Nyufa za zamani zitafunga, na hapo utajua aliyezijaza epoksi alifanya nini. Mfuniko utabana. Usiurandie: mwaka wa kwanza ukapita, utalegea au la, ndipo uamue.

Lisafirishwe limefungwa kwa blanketi na karatasi, si plastiki iliyobana mwili. Kreti iwe na muhuri wa mbao zilizopashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, maana forodha hukagua. Likifika, lisiingie moja kwa moja kwenye chumba cha kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana. Bora veranda ya ndani yenye hewa na kivuli. Miguu isimame juu ya vipande vya plastiki ngumu, na chini yake uweke karatasi nyeupe. Chembe ngumu zenye pembe sita zikianza kudondoka juu ya karatasi hiyo, ni mchwa wa mbao kavu. Hao hawaji na matope ukutani kama wale wa kichuguu, wanakaa ndani ya ubao wenyewe, na hapo itabidi kasha lipelekwe kwenye baridi au lifungiwe naitrojeni kabla fanicha nyingine za nyumba hazijaambukizwa.